Pointi nne za Tom Chambers: uchambuzi wa nusu fainali ya Strictly, Desemba 2008

Jumamosi ya tarehe 13 Desemba 2008 Waingereza walikaa mbele ya televisheni kuangalia nani angetolewa katika nusu fainali ya Strictly Come Dancing, na hakutolewa mtu. Jozi tatu ziliingia, jozi tatu zikatoka na tiketi ya fainali. Ile dansi ya mchujo, ambamo jozi mbili za chini hurudi uwanjani kucheza upya mbele ya majaji, haikuchezwa. Waliokuwa wamepiga kura waliambiwa kura zao zitawekwa hadi wiki inayofuata, na asiyeridhika angeweza kudai arudishiwe fedha zake.

Mtu aliyewasha televisheni dakika ile angedhani mitambo ya simu imekufa. Mitambo ilikuwa mizima. Simu ziliita, zikapokelewa, zikahesabiwa, na hakuna aliyeiba kitu. Kilichokwama ni hesabu ya darasa la pili: tatu jumlisha moja, na moja jumlisha tatu. Wengi walioandika juu ya usiku ule waliishia hapo, kwamba majaji walitoa sare na sare ikaharibu mambo. Mimi naona sare ilikuwa kibiriti tu. Petroli ilikuwa imemwagwa sakafuni tangu mwanzo wa msimu, na wiki tatu na ushee kabla ya hapo mzee mmoja aliyecheza kama anasukuma toroli alikuwa ameionyesha nchi nzima ilipo.

Kwa asiyelifuata shindano: lilianza BBC mwezi Mei 2004, likifufua kipindi cha zamani cha dansi za ukumbini kilichoitwa Come Dancing. Mtu maarufu, awe mwigizaji, mwanamichezo au mtangazaji, anaunganishwa na mcheza dansi wa kulipwa. Wanajifua wiki nzima, Jumamosi wanacheza hewani moja kwa moja, walsi leo, pasodoble kesho. Majaji walikuwa wanne mwaka ule, Len Goodman akiwa mkuu wao, na wenzake Arlene Phillips, Craig Revel Horwood na Bruno Tonioli. Kila mmoja hunyanyua kibao chenye namba, kumi ikiwa ndiyo kilele. Kisha watazamaji wanapiga simu kumwokoa wampendaye. Mtindo huu umeuzwa nchi nyingi. Marekani wanao tangu 2005 kwa jina la Dancing with the Stars.

Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Kinachowapita watu ni namna alama za majaji zinavyochanganywa na kura.

Alama haziingii kwenye hesabu ya mwisho kama zilivyo. Zinatumika kupanga foleni tu. Zikiwa jozi nane, aliyeongoza kwa majaji anapewa pointi 8, wa pili 7, hadi wa mwisho anayeambulia 1. Kura za simu nazo zinapangwa foleni vilevile: aliyepigiwa nyingi kuliko wote 8, anayefuata 7, mpaka 1. Foleni mbili zinajumlishwa, na wawili wenye jumla ndogo wanaenda kwenye dansi ya mchujo. Wakifungana kwa jumla, mwenye kura nyingi za watazamaji ndiye anayekaa juu. Katika dansi ya mchujo yenyewe watazamaji hawana sauti tena. Majaji wanaamua nani abaki.

Mpenzi wa soka atauona ubaya wake mara moja. Ni ligi isiyojali tofauti ya mabao. Umepigwa moja bila au umepigwa saba bila, umepoteza pointi tatu zilezile. Jaji anaweza kumpa mchezaji mbovu alama 2 kwa hasira, akamkaripia mbele ya mamilioni, na hasira hiyo ikawa haina uzito wowote zaidi ya alama 6, ikiwa mwenzake wa juu yake amepata 7. Nafasi ya mwisho ni nafasi ya mwisho. Chini ya sakafu hakuna shimo.

Na hapo ndipo anapoingia John Sergeant.

Sergeant hakuwa kijana wala hakuwa mwepesi. Alikuwa mwandishi wa habari za siasa, kwanza BBC na baadaye mhariri wa siasa wa shirika la habari la ITN, mtu wa suti na uso wa mjomba aliyechoka. Waingereza wa rika fulani wanamkumbuka zaidi kwa tukio la Novemba 1990 mjini Paris, alipokuwa akitangaza moja kwa moja nje ya ubalozi wa Uingereza, akiwaambia watazamaji kwamba hatarajii Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati ule, atoke kuzungumza usiku ule, huku Thatcher akiwa ameshatoka na anamjia kwa nyuma. Nitalirudia tukio hilo kidogo, maana lina uhusiano na kisa chetu kuliko mtu anavyodhani.

Msimu wa 2008 ulianza na jozi 16. Sergeant alipewa Kristina Rihanoff, Mrusi aliyekuwa mgeni katika shindano. Katika pasodoble, dansi ambayo mwanamume anatakiwa awe na ukali wa mpiga fahali, alimburura mwenzake sakafuni kama mtu anayehamisha zulia, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Majaji walimweka mkiani wiki baada ya wiki. Watazamaji wakamrudisha wiki baada ya wiki. Kila jaji aliyepandisha sauti alimwongezea kura. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na kwetu taarab hutuzwa kwa noti bila kumuuliza mwalimu wa muziki kama sauti ilipanda sawasawa. Waingereza walimtuza Sergeant kwa simu.

Katikati ya Novemba zilipobaki jozi nane akatolewa Cherie Lunghi, mwigizaji aliyekuwa akisifiwa kwa umaridadi, na Sergeant akabaki. Magazeti yakawaka. Tarehe 19 Novemba, siku ya Jumatano, mzee akatangaza anajiondoa mwenyewe. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiungwana na ya kuchekesha kwa pamoja: sasa kulikuwa na hatari ya kweli kwamba angeshinda, na hata kwake yeye huo ungekuwa utani uliopita mpaka. Alirudi Jumamosi kucheza walsi ya kuaga, akashangiliwa kama bingwa.

Wakati ule mjadala wote ulikuwa wa maadili. Je, watazamaji wanakejeli sanaa? Je, majaji wana majivuno? Karibu kila mwandishi wa safu alikuwa na la kusema kuhusu demokrasia. Sikumbuki kelele kama hizo kuhusu karatasi ya hesabu, na laiti mtu angeishika kalamu Novemba, Desemba isingewakuta wamelala.

Hebu tuishike sasa. Zikiwa jozi nane, foleni ya majaji inagawa pointi 8, 7, 6 hadi 1, jumla 36. Foleni ya watazamaji nayo inagawa 36. Zote pamoja 72. Gawanya kwa jozi nane, wastani ni 9. Sasa mchukue mtu anayechukiwa kabisa na majaji na kupendwa kabisa na umma: 1 kwa majaji, 8 kwa simu, jumla 9. Yuko katikati hasa. Ifanye hesabu hiyohiyo kwa jozi kumi, kwa jozi sita, kwa jozi kumi na sita, jibu halibadiliki: wa mwisho kwa majaji aliye wa kwanza kwa kura daima anatua kwenye wastani wa kundi zima, wala si juu wala si chini.

Katika kundi la watu wanane, katikati ni mahali pa starehe. Wanaotafutwa ni wawili wa mkiani, na ni nadra wao kufika mpaka kwenye wastani. Wanaotupwa chini ni wale ambao majaji wanawaona wa kawaida na watu hawawapigii simu. Ndiyo maana mchezaji mzuri asiye na mashabiki wakali alikuwa hatarini kuliko Sergeant. Sisemi Sergeant aliongoza kwa kura. Takwimu hizo hazikutangazwa na si lazima iwe hivyo: hata wa pili au wa tatu kwa simu angeweza kupita wiki nyingi. Ninachosema ni kwamba kanuni ilimjengea chumba katikati ya nyumba.

Lakini kundi hupungua. Kila wiki mtu anaondoka, na katikati inasogelea mkia. Zikibaki jozi tatu, pointi za majaji ni 3, 2, 1, jumla 6, za watazamaji 6, pamoja 12, wastani 4. Kipenzi cha watu aliye wa mwisho kwa majaji ana 1 na 3, jumla 4. Katikati tena, kama kawaida. Ila katikati ya watu watatu ni nafasi ya pili, na dansi ya mchujo inachukua wawili wa chini. Chumba kilekile cha starehe sasa kiko ndani ya moto.

Hapo ndipo Tom Chambers alipokuwa amesimama tarehe 13 Desemba.

Chambers alikuwa mwigizaji wa tamthilia ya hospitali ya Holby City, mcheshi, mwenye miguu myepesi, wala hana lolote la kufanana na Sergeant kwa uchezaji. Alicheza na Camilla Dallerup, Mdenmaki aliyekuwemo tangu msimu wa kwanza. Wapinzani wao walikuwa Rachel Stevens, mwimbaji wa zamani wa kundi la S Club 7, akiwa na Mwitaliano Vincent Simone; na Lisa Snowdon, mwanamitindo na mtangazaji, akiwa na Brendan Cole wa New Zealand, yule aliyetwaa ubingwa wa kwanza kabisa 2004. Kila jozi ilicheza dansi mbili. Rachel na Lisa walikuwa kwenye kiwango cha juu sana usiku ule, na vibao vya majaji vilipojumlishwa walikuwa wamefungana kileleni. Tom akawa wa tatu.

Kanuni ya sare ilikuwa hivi: waliofungana wote wanachukua pointi za nafasi ya juu. Kwa hiyo Rachel 3, Lisa 3, na Tom 1.

Angalia kilichotokea hapo, maana ni kitu kidogo sana. Majaji kwa kawaida wanagawa pointi 6 kwa jozi tatu. Usiku ule waligawa 7. Pointi moja ya bure ilizaliwa hewani na ikaenda kwa wapinzani wa Tom. Wastani ukapanda kutoka 4 hadi 4 na theluthi, wakati dari ya Tom ilibaki palepale. Akishika nafasi ya kwanza kwa simu, 1 na 3 ni 4. Mwanamke atakayekuwa wa pili kwa simu ana 3 na 2, yaani 5. Wa tatu ana 3 na 1, yaani 4. Aliye salama ni mwenye 5. Tom anakwenda kwenye dansi ya mchujo akipigiwa kura moja au akipigiwa kura milioni.

Na si hilo tu. Kura za Tom hazikuweza hata kuamua ni nani kati ya wale wanawake wawili angekutana naye. Hilo lilitegemea kura zao wenyewe kwa wenyewe. Kila simu iliyopigwa kwa ajili ya Chambers ilikuwa sawa na shilingi uliyoitumbukiza kwenye sanduku lisilo na tundu.

Sasa fanya kama sare haikutokea. Rachel 3, Lisa 2, Tom 1, au kinyume chake kwa wale wawili. Kura zinaweza kuwapanga watatu hawa kwa njia sita. Katika njia ngapi Tom anaepuka mchujo? Moja. Lazima yeye awe wa kwanza kwa simu, na lazima mpendwa wa majaji awe wa mwisho kwa simu, ili wote watatu wapate 4 na yeye awashinde kwa kura. Kwenye njia nyingine zote tano amekwisha. Kwa hiyo usiku wa kawaida, usiku ambao hakuna mtu angelalamika, simu za mashabiki wa Tom zilikuwa na uzito kwa sharti tu kwamba mashabiki wa mtu mwingine wapange foleni kwa namna fulani maalumu. Sare iliondoa njia hiyo moja iliyobaki. Ilimaliza kazi ambayo nusu fainali ya watu watatu yenye mchujo wa watu wawili ilikuwa imeianza.

Ndiyo maana siwezi kukubali maneno kwamba ilikuwa bahati mbaya isiyotabirika. Dansi ya mchujo iliingizwa katika shindano mwaka 2007, ili majaji wawe na neno la mwisho na wachezaji wazuri wasipotee ovyo. Ilibuniwa kwa ajili ya makundi makubwa. Hakuna aliyeitembeza kanuni ile hadi mwisho wa barabara, jozi kwa jozi, kuona itakuwaje wakibaki watatu na wawili wao wakafungana. Majaji wanne wanaotoa namba nzima kwa wachezaji wawili wazuri wanafungana mara nyingi tu.

Hapa naomba nirudi Paris. Usiku ule wa 20 Novemba 1990 Thatcher alikuwa ametoka kuongoza kura ya kugombea uongozi wa chama chake. Wabunge 204 wa chama chake walimpigia yeye, 152 wakampigia Michael Heseltine. Lakini kanuni ya chama ilidai mshindi wa duru ya kwanza amzidi mpinzani kwa asilimia 15 ya wote wenye haki ya kupiga kura, na yeye alipungukiwa kura nne. Hakukubali yaishe, akatoka kutangaza ataingia duru ya pili. Siku mbili baadaye akatangaza kujiuzulu. John Sergeant alikuwa amesimama pale na kipaza sauti mkononi. Sijui mtangazaji gani mwingine wa Uingereza amekuwa karibu namna ile na mambo mawili ya aina moja: kura nyingi zikishindwa na kanuni ndogo, halafu miaka 18 baadaye, kura nyingi zikibebwa na kanuni ndogo.

Turudi BBC. Kwa nini hawakuendelea tu? Wangeweza. Kanuni zilikuwa zimeandikwa, Tom angekwenda mchujo, majaji wangeamua, na watazamaji wengi wasingekaa na kalamu kuhesabu. Jibu lipo katika miezi 18 iliyotangulia. Televisheni ya Uingereza ilikuwa imetoka kwenye tope la simu za malipo. Julai 2007 mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, aliipiga BBC faini ya pauni 50,000 kwa sababu ya Blue Peter, kipindi cha watoto, ambapo mtoto aliyekuja kutembelea studio alifanywa ajifanye mshindi aliyepiga simu. Septemba mwaka huohuo GMTV, televisheni ya asubuhi, ikapigwa pauni milioni 2 kwa kuwaacha watu wakilipia simu za mashindano wasiyoweza kushinda. Mei 2008 ITV ikatozwa pauni milioni 5.675. Julai 2008 ikaja zamu ya BBC tena, pauni 400,000, kwa mashindano ya redio na televisheni yaliyoendeshwa bila haki.

Weka maneno hayo mbele ya wakili yeyote wa shirika la utangazaji: watu wamelipa kupigia kura mtu ambaye kura hazikuweza kumsaidia. Mwaka 2008 sentensi hiyo ilikuwa na bei, na bei yake ilijulikana. Nadhani walioamua usiku ule walihesabu haraka na vizuri kuliko walioandika kanuni. Tangazo likatoka: wote watatu fainali, kura zitaongezwa kwenye za wiki ijayo, fedha zinarudishwa kwa atakaye.

Mpiga kura wa Tom alitendewa haki. Nani hakutendewa?

Wengi hawakumfikiria Rachel Stevens. Chukua mahali pake. Umecheza vizuri, umefungana kileleni. Kwa kanuni ulizozikuta, mmoja kati yako na Lisa anapita moja kwa moja, na mwingine anacheza mchujo na mtu ambaye majaji haohao wametoka kumweka wa mwisho. Majaji wanatakiwa kuitazama dansi ya mchujo kwa macho mapya, ni kweli, na Tom angeweza kuwashangaza. Lakini mimi nikilazimishwa kuweka dau ningeliweka kwa wanawake wote wawili kuwa ndio wangekutana fainali. Badala yake Rachel na Lisa walipewa mpinzani wa ziada, tena mpinzani mwenye hoja nzuri kuliko zote mbele ya watazamaji: mtu aliyedhulumiwa na hesabu. Wiki nzima magazeti yalimzungumzia yeye. Huwezi kununua kampeni ya namna hiyo.

Kuhamisha kura nako kuna kasoro. Kura iliyopigwa baada ya dansi za tarehe 13 ilikuwa jibu la swali moja: nani abaki wiki hii? Wiki iliyofuata swali lilikuwa jingine, nani awe bingwa, na dansi zilikuwa nyingine. Mtu anaweza kumpigia Lisa ili asitolewe huku moyoni bingwa wake ni Rachel. Mashabiki hufanya hivyo kila siku. Kumchukulia kura yake na kuitia kwenye sanduku la fainali ni kumsemea. Ningekuwa mimi ningezirudisha fedha zote na kuanza upya na sanduku tupu. Najua ugumu wake. Ila ndiyo njia pekee ambayo isingemsemea mtu.

Suluhisho lililo rahisi zaidi lilikuwa mezani muda wote, na halihitaji fedha wala mawakili. Sare ikitokea, anayefuata apewe pointi inayofuata, asirukishwe nafasi. Rachel 3, Lisa 3, Tom 2. Sasa Tom akiongoza kwa simu ana 5, wa pili wake ana 5, wa mwisho ana 4, na Tom anapita kwa kura. Simu zina maana tena. Kuna wanaopendekeza wagawane, mbili na nusu kila mmoja, kama inavyofanywa katika takwimu. Inaonekana ya kisomi, lakini ijaribu: Tom 4, wa pili kwa simu 4 na nusu, wa mwisho 3 na nusu. Bado Tom yuko mchujo. Usomi haukumwokoa.

Au iondoe dansi ya mchujo watu wanapobaki watatu, aende mmoja tu wa chini. Strictly wenyewe waliiondoa kabisa mwaka 2010, wakairudisha 2012. Siku hizi katika fainali alama za majaji ni za kuongoza watazamaji tu na kura ndizo zinazoamua, jambo ambalo lingewaudhi wale waliolia Novemba 2008 kwamba umma haujui dansi.

Wamarekani walikutana na upande wa pili wa shilingi miaka kumi baadaye. Novemba 2018 mtangazaji wa redio Bobby Bones, akiwa na Sharna Burgess, alitwaa ubingwa wa Dancing with the Stars ingawa majaji walimwona dhaifu kuliko wenzake wa fainali, wiki moja baada ya Juan Pablo Di Pace kutolewa nusu fainali akiwa na alama kamili. Msimu uliofuata waandaaji wakawapa majaji uwezo wa kumwokoa mmoja wa wawili wa chini. Hata hivyo Sean Spicer, aliyekuwa msemaji wa Ikulu ya Marekani, alifika mpaka katikati ya Novemba 2019 kwa mgongo wa simu. Ni nyumba ileile yenye chumba kilekile cha katikati. Waingereza walikuwa wamepewa somo hilo mapema zaidi, na mwalimu wao alikuwa na adabu ya kujiondoa mwenyewe.

Fainali ilichezwa Jumamosi tarehe 20 Desemba 2008, Bruce Forsyth na Tess Daly wakiiendesha kama vile wiki iliyopita haikutokea kitu. Hapakuwa na dansi ya mchujo. Katika watatu angetolewa mmoja kwanza, kwa hiyo katikati palikuwa mahali salama tena, na pointi nne zilizotaka kumzika Tom Jumamosi iliyotangulia sasa zingeweza kumvusha. Lisa Snowdon na Brendan Cole waliaga wa tatu. Rachel na Tom wakabaki kwa watazamaji, na watazamaji wakamchagua Tom. Camilla Dallerup, misimu sita uwanjani bila kombe, akalishika kwa mara ya kwanza akilia. Msimu uliofuata hakurudi kushindana.